Mwaka wa Spika Zisizo na Mgongo

Wewe unayenisikiliza, umewahi kumkasirikia mtu ambaye ameshakufa? Sisemi kukasirika kidogo. Nasema kukasirika mpaka unatoka matangani mdomo umeuvuta hivi, watu wanakupa pole wanafikiri ni huzuni, kumbe moyoni unagombana na marehemu. Mimi imenipata mwezi uliopita, na umri wangu huu, na magoti yangu haya. Afande Odong alikufa, wakampeleka kuzikwa kwao kaskazini, na mimi nikaenda Nsambya kukaa na mjane wake, Mama Akello. Miaka mingi hatukuonana. Tulishikana, tukalia, tukacheka meno yetu yalivyobaki machache. Halafu akanipa mbao mbili zimefungwa kwenye shuka kuukuu, na akaniambia neno moja. Hilo neno ndilo limenitoa pale nimevimba. Nitakuambia, lakini tufike kwanza, usinikimbize.

Hapa niko Bugolobi, kwenye fleti ya mjukuu wangu Shamim. Ameweka simu mezani inachukua sauti yangu, baadaye ataandika. Ndiyo kazi yake hata: anasikiliza watu waliorekodiwa wakiongea, anaandika walichosema. Siku nzima hedifoni kichwani, masikio yamemwiva kama nyanya. Ni yeye pia anayenipeleka kliniki kila mwezi kwa ajili ya moyo wangu. Daktari anaongea naye kwa Kizungu pale mlangoni, sauti ya chini, dakika kumi nzima, halafu mimi bibi yake naambiwa, "Jajja, uko sawa." Dakika kumi, na Kiswahili chake kimekuwa maneno matatu! Kale, sawa. Tuache hiyo.

Ya baba na mama yangu niache, tutakesha. Shika tu kwamba nilikuwa na miaka kumi na nane, nakaa na shangazi yangu, Senga Mariamu, nyuma ya nyumba za polisi Nsambya. Kati yetu na polisi ni ua wa michongoma, na huo ua ulikuwa na tundu ambalo mtoto na kuku na umbea wote walipita. Senga alikuwa anakaanga sambusa. Nyumba yake ilikuwa chumba na sebule, na hiyo sebule, banange, jamani, kila kitu kimevaa kitambaa. Viti vimevaa, meza imevaa, thermosi imevaa, saa ya ukutani imevaa kofia. Vitambaa vya kushona kwa mkono, vyeupe, na ukikaa vibaya kikaanguka unaitwa jina lako lote. Redio ndiyo ilikuwa bibi harusi. Kubwa, ya kaseti, ina vitambaa viwili, cha juu na cha mbele kwenye spika yenyewe, eti vumbi.

Sasa kulikuwa na kijana anaitwa Yusufu. Usicheke, Shamim, na sisi tulikuwa wasichana. Yusufu alikwenda Nairobi kufanya kazi gereji, akaniambia nikitulia nitakuita. Mimi shule niliacha darasa la tatu, barua kwangu ilikuwa lazima nisomewe na mtu, na mtu huyo ndiye Senga. Kwa hiyo Yusufu akafanya akili: akarekodi kaseti, akampa dereva wa lori, ikanifika. Eti mambo yetu yabaki yetu. Yabaki wapi? Kaseti inahitaji redio, redio ni ya Senga, na Senga akiiwasha nusu ya polisi wa Nsambya wanapata habari. Siku ile walijaa sebuleni mpaka mlangoni.

Yusufu akasalimia, akauliza hali, akataja mvua ya Nairobi. Nyuma yake nyundo zinagonga bati. Halafu akasema lile neno. Akasema, "Hadija," nyundo ikagonga, "nisubiri. Mambo ya huku yamekuwa mengi. Mungu akijalia tutaonana." Basi.

Sasa wewe unayejua Kiswahili niambie. Kabla ya hiyo "nisubiri" kulikuwa na kitu, kila mtu alikisikia. Mimi nilisikia "unisubiri." Senga akasikia "usinisubiri." Silabi moja, "si", ndogo kama punje ya simsim, na maisha yangu yote yamekaa juu yake. Sebule ikagawanyika kama mashabiki wa mpira. "Amesema unisubiri, masikio yangu haya!" "Wee, amesema usi, sikiliza vizuri!" Na Senga alikuwa na sababu yake ya kusikia "usi". Swaibu, dereva wa gari la mkate, alikuwa ameshatuma watu kuniposa. Kijana mpole, mfupi, kila asubuhi anasimamisha gari, anaacha mkate, anasema "Salama humu?" na anakwenda. Senga alimtaka kuliko mimi nilivyomtaka. Kwa hiyo akisema "usi", mimi naziba masikio.

"Rudisha tusikie tena," wakasema. Senga akarudisha. Ile redio, pamoja na nguo zake zote, ikameza mkanda. Pale pale kwenye neno. Senga akavuta kama anavuta utumbo wa kuku, mkanda ukajikunja, ukakatika. Nilipiga kelele mpaka Afande Odong akapita kwenye tundu la ua akiwa amevaa fulana na suruali ya kazi. Yeye alikuwa polisi wa redio za mawasiliano, mtu mrefu, mkimya, anasikiliza zaidi ya anavyosema. Akaokota mkanda sakafuni kama anaokota kifaranga. "Usilie, binti. Nitaunga."

Nikamfuata kwake. Chumba chao kilikuwa kimoja, pazia katikati, na upande wa dirisha kuna meza yake ya kazi imejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Mama Akello alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua karanga, na mwaka mzima ule nilimkuta hapo hapo, ndiyo maana hakuna mtu alisema kitu kibaya juu yangu kuingia kule. Akanipa kibakuli cha viazi na odii, ile simsim iliyosagwa ya kwao, nikala huku napiga kwikwi. Afande akaunga mkanda kwa selotepu, akauzungusha kwa biro, akavaa hedifoni kubwa za kazini, akaupitisha mara moja. Namwona mpaka leo. Alikuwa ameangalia dirishani, kidole kimesimama hewani. Halafu akavua.

"Umesikia nini, Afande?"

"Nimesikia mkanda unapita."

"Nipe na mimi nivae!"

"Hizi ni za serikali, zinarudi leo. Halafu mkanda una kidonda. Ukipita pale mara nyingi utakatika na hautaungika tena. Tutaupiga mara moja tu, na siku hiyo lazima tuwe na spika ya kusema kweli. Ile ya shangazi yako ni ngoma."

Mimi na ujinga wangu nikasema kale, tutafute spika. Nilifikiri ni jambo la wiki moja.

Eh! Wiki moja! Afande alikuwa na spika mbili za karatasi alizotoa kwenye redio za zamani, na alikuwa na wazo kichwani. Alisema spika hazitaki boksi. "Boksi linaongeza maneno yake. Mtu akisema moja, boksi linasema mbili, na wewe hujui ipi ya mtu ipi ya mbao." Spika itafungwa kwenye ubao mmoja umesimama, mbele wazi, nyuma wazi, sauti itoke pande zote mbili kama mtu anavyopumua. Utakaa karibu, mkono wako ukinyoosha unaigusa, moja huku, moja huku, na sikio lako lisawazike nazo. Besi itapungua, akasema, lakini besi ya nini? Yusufu si ngoma. Nikasema sawa. Akachora vipimo kwenye karatasi, akanituma kwa fundi Lubega, yule wa vitanda, kule chini barabarani.

Fundi Lubega alikuwa Muganda, herufi l na r kwake ni mapacha, hajui nani mkubwa. Mikono yake ilikuwa na baraka lakini kichwa chake, Mungu amrehemu, kilinimaliza. Afande alichora tundu likae pembeni kidogo ya ubao, kwa makusudi, kwa sababu katikati sauti inagonga kingo zote kwa wakati mmoja na inachafuka. Nikasubiri wiki tatu. Nikakuta tundu katikati kabisa, limezungushiwa maua ya kuchonga.

"Fundi, karatasi inasema pembeni!"

"Pembeni ni makosa, dada Hadija. Mtu gani ana jicho pembeni? Nimewasaidia."

Tukaanza upya. Wiki nne nyingine. Nikakuta tundu liko pembeni, kingo zimelainishwa kama ngozi ya mtoto, nikafurahi, nikageuza. Mgongo umefungwa! Plaiwudi, misumari kumi na miwili, na vanishi juu.

"Fundi! Tumesema bila mgongo!"

"Mimi siwezi kutoa kazi bira mgongo. Wewe ulishaona kabati bira mgongo? Watu watapita waseme Rubega amerewa. Na panya je? Panya wataingia."

"Panya waingie wapi, hakuna ndani! Ni ubao!"

"Sasa kama hakuna ndani, sauti itakaa wapi?"

Nilirudi nikamweleza Afande, na yeye badala ya kukasirika akasema, "Swali lake zuri." Swali zuri! Nilitaka kumpiga na ubao. Tukang'oa misumari wenyewe, mmoja mmoja, mimi na yeye, Mama Akello anacheka kwenye mkeka. Misumari ikapasua ubao. Tukaanza upya.

Ikaja mvua, plaiwudi ikavimba ikapinda kama chapati. Tukatafuta mbao za mvule. Mende wakala karatasi ya spika moja, Afande akaitia kiraka cha karatasi ya sigara na gundi, akasema tusubiri ikauke, ikakauka siku nne kwa sababu alisema nne. Halafu kazini wakampeleka mkoani miezi miwili, na mimi nikakaa hapo na kaseti kwenye bati la biskuti chini ya kitanda. Kila asubuhi Swaibu na mkate wake. "Salama humu?" Salama wapi? Senga ananisema toka sambusa ya kwanza mpaka ya mwisho. "Mtu amekuambia usi, wewe unajenga mbao! Mwaka utakwisha, Swaibu atachoka, utaolewa na hizo mbao." Na mimi namjibu, "Amesema unisubiri, na nitakusikilizisha mwenyewe." Tulikuwa tunaongea hivyo hata tukila.

Afande aliporudi akanifundisha mambo. Kuchomea waya. Kuchukua betri ndogo, kugusisha kwenye nyaya za spika, na kuangalia karatasi inarukia wapi. Zote mbili lazima ziruke mbele, kwa sababu moja ikiruka mbele na nyingine nyuma, zinapigana na sauti inakuwa tupu, inatoka kila mahali na haitoki popote. Nilikosea hiyo. Nikaunga moja kichwa chini. Tulipojaribu na taarifa ya habari, mtangazaji alikuwa kama anaongea ndani ya ndoo iliyo nyumba ya jirani. Wiki nzima Afande aliniacha nitafute kosa mwenyewe. Alikuwa anajua! Nilimwona anajua. Anakunywa chai yake anasema, "Tafuta." Mtu gani huyo?

Na siku alipoandika nyuma ya mbao kwa rangi nyeupe. Mimi kusoma kwangu kwa darasa la tatu, herufi kwa herufi, nikasoma moja: KUSHOTO. Nyingine: KULIA. Nikamuuliza, "Afande, kwa nini hii umeiandikia kulia? Hii nyingine haitalia?" Mama Akello alimwaga karanga zote. Afande mwenyewe, mtu asiyecheka, akaweka uso mezani mabega yanatetemeka. Tangu siku hiyo ubao ule ukaitwa Mlizi, mwenye kulia.

Mwishoni zikawa tayari. Sikuambii tarehe kwa sababu siijui, najua tu maembe yalikuwa yameanza na mwaka ulikuwa umezunguka. Ilikuwa asubuhi, baada ya chai. Afande akavuta meza katikati ya chumba, mbali na ukuta, ili sauti ya nyuma iwe na njia. Senga alikuwa amekuja, nilimwalika kwa kiburi changu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa vitambaa viwili kwenye mkoba avivishe zile mbao. "Ziko uchi," akasema. Afande akamwambia kwa heshima, "Mama, leo ziache uchi." Akanikalisha. Akapima kwa kamba kutoka sikio langu la kulia mpaka Mlizi, na la kushoto mpaka mwenzake. Akanisogeza mbele vidole viwili. Akanirudisha kimoja. Nikasema, "Afande, nitakufa hapa kabla hujawasha."

Akawasha.

Sijui nikuelezeje. Yusufu hakuwa kwenye mbao. Alikuwa katikati, pale mezani ambapo hakuna kitu, kati ya kikombe na bisibisi. Nilisikia anameza mate. Nilisikia zile nyundo, kumbe ziko mbali nyuma yake, wala hazimgusi. Akasalimia, akasema mvua. Nilishika meza. Akasema, "Hadija, usinisubiri."

Si. Ilikuwepo. Ilikuwepo siku zote, safi, ameikazia sauti hata, kama mtu anayeogopa isisikike. Halafu akamaliza, mambo mengi, Mungu akijalia, na mwisho kabisa kabla hajazima kurekodi, kitu ambacho redio ya Senga haikutoa hata kidogo: sauti ya mwanamke, chini, kwa upole, kutoka upande wa pili wa chumba alichokuwa Yusufu. "Umeshamwambia?"

Nikasema, "Rudisha." Afande akasema, "Utakatika." Nikasema, "Ukatike." Akarudisha, ukafika kwenye kidonda, ukakatika, tak. Nikalia kilio cha mtu mzima. Senga, yule aliyenisema mwaka mzima, hakusema nilikuambia. Alichukua vile vitambaa vyake akanifuta navyo uso, vitambaa ambavyo hata mgeni haruhusiwi kuviegemea. Na Mama Akello kwenye mkeka akasema, "Basi sasa zote mbili ni za kulia," na mimi nikacheka ndani ya kilio, kamasi hizi.

Kesho yake Swaibu akasimamisha gari. "Salama humu?" Nikatoka mwenyewe kuchukua mkate. Nikamuuliza mbona hakuchoka. Akasema, "Hukuniambia nisisubiri." Huyo ndiye babu yako, Shamim. Na ile kuchomea waya ikawa kazi yangu, nikawa na kibanda changu Kabalagala cha kutengeneza redio, wanaume wanaingia wanauliza fundi yuko wapi, nawaambia mnamwangalia. Yote yametoka kwenye mwaka ule, sikatai.

Lakini sasa, matangani. Mama Akello ananifungia zile mbao kwenye shuka, ananiambia kama anasema habari ya mvua: "Mzee alilisikia lile 'usi' siku ile ile ya kwanza, kwenye hedifoni. Na yule mwanamke alimsikia. Hakula siku hiyo."

Nikamwambia sema tena.

"Alisema, nikimwambia mimi nitakuwa mtu mwingine tu wa kusema usi. Atanichukia kama anavyomchukia shangazi yake, na ataendelea kusubiri. Acha asikie na masikio yake. Na ikichukua muda ni vizuri, mikono yake itakuwa imepata kazi."

"Na wewe ulijua?"

"Nilikuwa nachambua karanga," akasema.

Karanga! Mwaka mzima! Watu wawili wananiangalia nang'oa misumari ya Lubega, nakausha kiraka siku nne, na wanajua! Eti hedifoni za serikali zinarudi leo, uongo mtupu! Nimetoka pale nikamwambia marehemu barabarani, kwa sauti, boda wananitazama: Afande, ungeniambia! Ningekuchukia wiki mbili, mwezi, halafu ningekuja kula odii. Ulinipimia sikio kwa kamba lakini moyo wangu hukuniuliza. Halafu nikifika hapo nakumbuka nilivyokuwa, kichwa kama jiwe la kusagia, na ninajua kwamba nisingemwamini, na hiyo inaniudhi zaidi. Nimkasirikie kwa haki nishindwe! Hata hiyo ameninyima.

Wiki hii Shamim ametoa zile mbao kwenye shuka. Amesoma habari zake kwenye simu, eti vijana siku hizi wanazitengeneza, zina jina la Kizungu. Amebadilisha waya, akagusisha betri nilivyomwonyesha, karatasi zikaruka mbele zote mbili, kiraka cha sigara bado kimeshika. Zimekaa kwenye meza yake, moja huku, moja huku, hedifoni ameitundika mlangoni. Mimi nimelala kwenye kochi pembeni na sisikii karibu kitu, kwa sababu ukikaa ubavuni mwa spika hizi sauti inakufa. Yeye pale mbele, wale watu waliorekodiwa wanaongea naye usoni. Ndivyo nilivyomwangalia jana. Alikuwa ameinama anasikiliza, kidole kimesimama hewani, macho dirishani. Banange, nikamwona Afande.

Nikamwita. "Shamim. Daktari alisema nini?"

"Jajja, uko..."

"Dakika kumi, Shamim."

Akazima. Akageuza kiti, akaja akakaa chini karibu na miguu yangu. Akaniambia. Moyo umechoka upande mmoja, daktari ataongeza dawa, ngazi nipunguze, na mwezi ujao watapima tena waone kama inatosha. Alikuwa nayo tangu Jumatatu. Siku nne, kama kiraka! Nikamgombeza mpaka chai ikapoa. Nikamwambia mimi sitaki mtu mwingine anipimie wakati wangu wa kujua, nilishapimiwa mara moja na inatosha mpaka kaburini. Akanishika mkono wenye kovu la kuchomea waya.

"Jajja, mwezi ujao nitakachosikia mlangoni nitakuambia hapo hapo, kabla hatujafika kwenye ngazi."

"Hata akisema 'usi'?"

"Hata akisema 'usi', Jajja."